Ushuhuda wa Kaberia na Tembe za Jioni

Makutano, Meru

Kwa dada yangu mkubwa, Mama Igoki,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu goti lako, halafu yule ng'ombe mweupe ambaye naambiwa hashushi maziwa mpaka aimbiwe. Mvua imefika huko Kanja? Majani chai yamechipuka ama bado mnachuna vijiti? Huku Meru baridi imetukalia. Jana asubuhi nilimimina chai kwenye kikombe, nikageuka kuchukua mkate, kurudi nikapata imeganda, ikabidi niilambe kama aiskrimu. Wewe cheka tu. Mimi niko salama, kifua kizima, mikono mizima, na bado hakuna mtu hapa Makutano anayeweza kuchoma mbavu za mbuzi kama ndugu yako. Juzi basi la kwenda Maua lilikuwa limeshatupita, dereva akapata harufu, akapiga rivasi mpaka mlangoni petu na abiria wote ndani, na hakuna hata mmoja aliyelalamika.

Sasa Igoki, wewe unayemsomea mama yako, soma polepole, na usiruke mahali hata kama yeye mwenyewe atakuambia uruke.

Dada, nimeandika kwa karatasi kwa sababu kwa simu haiwezekani. Nikianza tu, unasema "Njeru, acha," unacheka, na salio linaisha. Na jambo lenyewe si la kucheka. Igoki aliniambia kwamba ulirudi hospitali, damu ikapimwa, na yale mafuta ya kwenye damu, hiyo kolestro, yameshuka mpaka daktari akafurahi. Nilimshukuru Mungu hapo hapo na koleo mkononi. Lakini Igoki akaendelea. Akasema umeshachagua jogoo wa kupeleka kanisani Jumapili ya mwisho wa mwezi, utasimama utoe ushuhuda kwamba umepona, na kwamba dawa ya hayo mafuta unaiacha, na tembe zilizobaki utampa jirani yako Mama Muriithi kwa sababu naye ni mnene. Dada, niliweka nyama chini. Mteja akaniuliza kama nimeungua.

Basi nisikilize nikwambie habari za Kaberia.

Kaberia unamkumbuka, ingawa mlionana ile mara moja tu, alipokuja Kanja kunisindikiza kwa mazishi ya ndugu yetu Nyaga, akala githeri yako, akaongezwa, akasema Waembu wanajua kupika lakini hawajui kuchinja. Ndiye mwenye bucha hii. Ndiye alinipokea nilipotoka nyumbani na begi moja, akanipa koleo, akaniambia choma. Miaka yote hiyo tuligombana kila asubuhi na kupatana kila jioni. Siku ile dume lilipotutoroka likaingia katikati ya malori pale njia panda, na mimi nikalisimamisha kwa kuliangalia tu machoni, Kaberia ndiye shahidi wangu, na angekuwa hai angekuambia mwenyewe. Nilikueleza kwa simu kwamba tulimzika na kwamba ni moyo. Ukasema pole, tukaendelea na habari za mbolea. Sikukuambia yote kwa sababu mdomo wangu ulikataa, na wewe unaujua mdomo wangu, haujawahi kukataa kitu.

Ilianza kanisani kwao. Baada ya ibada walikuja wauguzi na meza yao, wakapima watu presha na damu bila malipo. Wengi waliambiwa waende nyumbani. Kaberia akaambiwa aende hospitali. Akaniomba twende pamoja, kwa sababu yeye hakusoma sana, na mimi nilifika darasa la sita, na ningeendelea kama si walimu kuanza kunitegemea.

Daktari alikuwa msichana wa rika la Igoki, ana sauti ya chini, lakini akikuuliza jambo hutoki pale bila kulijibu. Akamwuliza Kaberia kuhusu baba yake. Kaberia akasema baba yake alianguka kwenye shamba lake la miraa, asubuhi, bado ana nguvu, watu wakasema amerogwa. Daktari akaandika. Akamwuliza nyama anakula kiasi gani, na hapo mimi nikacheka, kwa sababu ni kama kumwuliza samaki anaoga lini. Damu ikatolewa, ikapimwa mafuta, ikapimwa sukari, ikapimwa na ini. Mafuta yalikuwa juu sana. Ndipo akampa tembe, zinaitwa statini, moja kila jioni, na akamwambia arudi baada ya miezi miwili apimwe tena, waone kama dawa inayashusha hayo mafuta na kama ini limeipokea vizuri.

Mimi nikauliza, je, Kaberia akiacha nyama si basi? Daktari akasema apunguze, aache kunyonya mafuta ya mkia, atembee badala ya kupanda boda boda, hayo yatasaidia. Lakini ini lenyewe linatengeneza mafuta, hata ukila sukuma wiki mpaka ugeuke kijani. Akaniuliza kama kwetu tuna mfereji wa maji. Nikamwambia Embu ndiko mifereji ilikozaliwa. Akasema hii dawa ni kama mtu aliyesimama kwenye lango la mfereji analibana. Maji yanapungua shambani. Siku akiondoka langoni, maji yanarudi, na hayapigi hodi. Alisema hivyo akiniangalia mimi, kwa sababu alishaona nani ana akili kati yetu, na kabla hatujatoka akaniuliza kama nimewahi kufanya kazi ya afya.

Kaberia alimeza, nataka ujue hivyo. Kila jioni, makaa yakianza kupoa, anachukua tembe yake na chai. Wakati mmoja mapaja yakaanza kumuuma, akataka kuacha. Nikamburuta mpaka kwa daktari. Daktari akamtoa damu, akaangalia misuli, akamwuliza kama mkojo umekuwa mweusi, akaona hakuna hatari, akampunguzia dawa kidogo. Maumivu yakaisha. Siku ya kupimwa ikafika, mafuta yalikuwa yameshuka vizuri sana. Daktari akafurahi kama ni baba yake.

"Imeshuka kwa sababu unameza, mzee," akamwambia. "Usiache."

Mimi nilikuwa hapo, nilisikia yote. Kaberia alisikia imeshuka.

Jumapili iliyofuata alivaa suti aliyooa nayo, akachukua beberu mwekundu, akaenda kanisani kutoa ushuhuda. Unajua vile inakuwa. Beberu alipigwa mnada pale mbele, aliyemnunua akamrudisha, akauzwa tena, akarudishwa tena, mpaka nadhani huyo mnyama alijua jina la kila mshirika. Kaberia akapewa maiki. Akasema alikuwa na ugonjwa kwenye damu, amepimwa, ugonjwa haupo, Bwana ameusafisha. Watu wakasimama. Wamama wakapiga vigelegele. Tembe hakuzitaja. Sidhani kwamba alikusudia kuzificha. Ukiwa pale mbele na watu wanaitikia amina, maneno huenda yenyewe, na yanakubeba.

Jioni mbili tatu baadaye akaja Mzee Mutwiri. Huyu ni mzee wa kanisa lao, hodari wa kuomba, hodari zaidi wa kutania. Alikuja kunywa supu pamoja na wenzake wa kanisa. Kaberia alikuwa amesimama pembeni karibu na mimi, tembe iko kiganjani, kikombe mkono mwingine. Mutwiri akamwona.

"Kaberia," akasema, "si ulituambia Bwana alimaliza hiyo kazi? Ama alikubakishia wewe kidogo?"

Watu wakacheka. Ulikuwa utani tu, na ulikuwa utani mzuri, ningekuwa nimeusema mimi mngeusikia mpaka Kanja. Kaberia naye akacheka. Akasema hiyo ni ya kichwa, moshi unamsumbua. Akairudisha tembe mfukoni. Sikumwona akimeza tena.

Nilimwuliza. Kwanza akasema amesahau, baadaye akasema zimeisha. Mwisho nikamfuata ndani kule tunakotundika nyama, nikamwambia hiyo dawa haigombani na kanisa, hiyo ni lango la mfereji. Alinijibu bila hasira, anafuta kisu kwenye aproni.

"Njeru, wewe hukusimama mbele ya watu. Nikionekana nameza, nimemfanya Mungu mwongo."

Nikamwambia basi ameze nyumbani. Akasema nyumbani ndiko kikundi cha maombi kinakokutana, na watoto wa jirani hawatoki. Nikamwambia arudi kliniki tu, aongee na daktari. Akasema lile benchi la kliniki kila mtu analijua, ni la presha na sukari na mafuta, na wamama wa kanisa wanapita hapo. Atasema anangoja nini? Siku yake ya kupimwa tena ikapita. Yule daktari akampigia simu mwenyewe kumwuliza. Kaberia akamwambia yuko Maua, ananunua ng'ombe. Alikuwa amesimama hapa hapa, moshi wangu unamwingia machoni.

Nilibishana naye, dada. Mimi ambaye polisi wa barabarani alinisimamisha na tukaachana yeye akiniomba msamaha, nilishindwa na mtu mmoja aliyevaa aproni.

Sasa hapa sina cha kuongeza. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, tunapokea nyama kutoka kichinjioni. Alibeba paja moja, akalitundika, akakaa kwenye gogo la kukatia. Akasema kifua ni kizito. Jasho lilikuwa linamtoka na baridi ilikuwa kali. Akaomba maji, nikampa, hakuyanywa. Mteja mmoja alikuwa na pikapu, tukamlaza nyuma, kichwa chake nikakiweka mapajani mwangu. Akaniambia nisiache moto uzime. Tulipofika hospitali walimchukua mbio, halafu wakatoka polepole.

Kwenye mazishi walisema maneno mengi mazuri. Walisema Mungu alimpenda kuliko sisi. Mke wake, Mama Kendi, alikaa tu ameshika leso ya mtoto wake. Baadaye watu wa kanisa walienda nyumbani kwake kumfariji. Na mimi nilikuwepo, tumekaa uani, chai inazungushwa. Mzee Mutwiri akasimama kuomba. Akaanza kusema kwamba hakuna anayejua kwa nini Bwana amemwita ndugu yetu ghafla namna hii.

"Mimi najua," Mama Kendi akasema. Hakusimama, hakupandisha sauti. "Aliwaogopa nyinyi."

Akawaeleza. Kwamba mume wake alikuwa na dawa, ilikuwa inamsaidia, daktari alimwambia asiiache, na aliiacha siku alipochekwa. Alieleza kama mtu anayeelekeza njia kwa mgeni. Vikombe vikawekwa chini. Nilimwangalia Mzee Mutwiri, nikadhani atakasirika, maana si mtu wa kuambiwa. Aliingiza mkono ndani ya koti akatoa pakiti mbili, tembe zingine zimeshatolewa, akazishika mbele yake kama mtu aliyepatikana nazo.

"Hii ni ya presha," akasema. "Na hii ni ile ile ya Kaberia. Mimi nameza tangu mwaka juzi. Nameza chooni."

Mama Kendi alimwangalia mpaka mzee mwenyewe akainamisha kichwa.

"Basi ungemwambia," akasema.

Maombi hayakuendelea siku hiyo.

Dada, najua Kanja mnasema Njeru akiona paka anakuja kueleza chui. Sawa. Kwa hii Igoki ana namba ya Mama Kendi, mpigie umwulize. Nikiwa nimeongeza neno, usinikaribishe tena kwako.

Jumapili hiyo simama. Siku zote umemshukuru Mungu kwa mvua na kwa mahindi, mshukuru na kwa hili, na jogoo wako auzwe mpaka achoke. Lakini taja tembe. Itoe kwenye mkoba, iinue juu, useme Mungu alinipa daktari, daktari alinipa hii, nameza kila jioni na nitaendelea kumeza. Ukisema hivyo mwanzo, hakuna wa kukutania, kwa sababu utakuwa umeshammalizia utani wake. Na nakuhakikishia, kwa hayo mabenchi ya kanisa lenu kuna watu wenye pakiti kwenye makoti. Wataangalia chini, halafu wataangaliana.

Mama Muriithi usimpe hata moja. Damu yake haijapimwa, ini lake hatulijui. Sisi tumezoea kugawana, mtu anakuja kuomba unga, chumvi, hata kaa la moto, na hiyo ni tabia nzuri ya kwetu, lakini tembe ya mtu ni yake kama meno yake. Mwambie aende apimwe, kama zinamfaa atapewa zake. Na wewe ukisikia miguu inauma, usizitupe kwenye migomba. Rudi kwa daktari umweleze. Anaweza kupunguza, anaweza kukupa nyingine. Kaberia alipunguziwa na akapona maumivu, hiyo niliiona.

Usiniambie pia kwamba yeye ilikuwa ni nyama, na wewe unaionja Krismasi tu. Baba yetu alikula nyama lini? Alianguka katikati ya majani chai, kikapu bado kiko mgongoni, na watu wakasema ni jua. Nyaga alianguka akifunga geti, tukasema ni mawazo. Kwetu hatukuwahi kupimwa, ndiyo maana tumekuwa na sababu nyingi hivyo. Wewe ndiye wa kwanza katika nyumba ya baba yetu kupimwa na kupewa dawa na dawa ikafanya kazi. Ukiiacha sasa, watu watakuja kutafuta sababu nyingine, na mimi nitakuwa nimesimama pale nikijua.

Bucha bado imefunguliwa. Mama Kendi anakaa kwenye pesa, mimi kwenye moto, na tumeajiri mtu wa kukata, anakata vibaya. Wateja wageni huuliza yule mzee mrefu yuko wapi. Zamani mtu akiniuliza kitu chochote nilikuwa na jibu lenye mkia mrefu. Sasa nasema amefariki, nageuza nyama.

Nisalimie shemeji yangu Baba Igoki, mwambie apunguze redio, tunaisikia mpaka Meru. Nisalimie mtoto wako wa mwisho, Mugo, wa boda boda, mwambie kofia ya kuendesha ni ya kichwani, si ya kuning'iniza kwenye usukani. Nisalimie shangazi Ciambaka, kama bado anauliza kama nimeoa mwambie wanawake wa Meru wamefanya foleni, nashindwa kuchagua. Mchungaji wenu pia mpe salamu, asinione adui, nitamletea mbavu. Na wewe Igoki, anko wako anakushukuru kwa kusoma. Kama umelia mahali, si neno, na mimi nililia hapo hapo nikiandika, ingawa mimi silii.

Dada, Igoki anasema siku yako ya kurudi kupimwa ni mwezi ujao. Nimeshaomba ruhusa kwa Mama Kendi, nitashuka Embu, tuende mimi na wewe. Tutakaa kwenye hilo benchi mchana peupe, kila mtu apite atuone. Pale dirishani huwa wanauliza aliyemleta mgonjwa ni nani wake. Nataka waniulize. Nataka kuwaambia huyu ni dada yangu, tulikuwa watano, tumebaki wawili, na tumekuja kupimwa, wote wawili.

Ni mimi mdogo wako,

Njeru, mchomaji wa Makutano